Lori kwanza, basi baadaye: jibu kwa tanboi wa Embakasi

Swali: Nina miaka 27, naishi Embakasi. Nimekuwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye tipa kwa miaka mitatu, tunabeba mchanga na kokoto. Leseni yangu ni ya gari dogo. Kuna shule ya udereva mtaani imeniahidi "BCE yote" kwa wiki mbili, na basi ndani yake. Nianze na lori au na basi? Na nijifunze nini hasa, maana lori tayari nalijua?

Jibu: Kaka, anza na lori. Na hiyo shule ya wiki mbili, achana nayo.

"BCE yote" ni lugha ya leseni za zamani, za enzi ya kijitabu. Siku hizi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, imegawa madaraja kwa udogo na ukubwa wa gari. Gari dogo ni B. Malori yanaanzia C1, ambayo ni ya malori madogo kama Canter, yanapanda C, kisha CE ya trela. Magari ya abiria ni D1 kwa matatu ya watu 14, D2 kwa minibasi isiyozidi abiria 32, na D3 kwa basi la abiria 33 kwenda juu. Kila daraja lina mtihani wake na umri wake wa chini, na unapanda kutoka la chini kwenda la juu. Anayekuuzia yote kwa mkupuo anakuuzia karatasi, na karatasi hiyo haitamsumbua yeye.

Wengi hudhani hasara ya leseni isiyolingana na gari ni polisi wa kizuizini. Huyo ni mdogo. Bima ya gari huwa na sharti kwamba anayeliendesha awe na leseni ya daraja lake. Likitokea la kutokea, kampuni ya bima inaweza kumlipa aliyeumia, halafu ikamgeukia mwenye lori kudai pesa zake. Ndiyo maana tajiri anayejua biashara yake atakuuliza daraja kabla ya kukuuliza jina la babako.

Ukitafuta shule, ulizia kwanza kama ina kibali cha NTSA, kisha uliza swali moja litakalokuonyesha mengi: lori mnalofundishia lina breki za mafuta au za upepo? Canter ndogo nyingi zinatumia mafuta, na si kosa kuanzia hapo kwa C1. Lakini ukifanyia masomo yako yote kwenye breki za mafuta, siku utakayopewa lori la magurudumu kumi utakuwa mgeni kabisa. Uliza pia utakaa kwenye usukani saa ngapi, wewe mwenyewe, si kukaa nyuma ukitazama wenzako watano wakipokezana. Kwa maoni yangu, chini ya saa 15 za mikono yako mwenyewe kwenye lori ni kupoteza nauli. Leseni ya muda ya mwanafunzi, ile PDL, na ada ya mtihani zinalipiwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu "ili mambo yaende haraka", mambo yatakayoenda ni pesa zako.

Mtihani wenyewe una sehemu ya ubao wa mji wa mfano, alama za barabarani, kisha barabara. Wenye uzoefu kama wewe ndio wanaodharau ubao. Utapewa kigari cha kuchezea uambiwe ukipeleke kutoka hospitali hadi maegesho ukipitia mzunguko, na mtahini anaangalia umechagua njia gani kabla ya kuingia. Kumbuka unampisha anayetoka kulia kwako, unaingia ukielekea kushoto na unazunguka jinsi mishale ya saa inavyozunguka. Anayetoka njia ya kwanza kushoto anakaa njia ya kushoto, anayeenda kulia anaingia njia ya ndani na kusogea nje akikaribia kutoka. Jizoeze kusema unachofanya unapokifanya: "naangalia kioo, natoa ishara, naangalia tena."

Sasa hilo la "lori nalijua". Unalijua kutoka kiti cha kushoto. Unajua kufungua ubavu, kufunga turubai, kumwelekeza dereva akirudi nyuma. Hayo ni mtaji mzuri. Kitu ambacho kiti cha kushoto hakifundishi ni jinsi lori linavyosimama, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Breki za upepo zinafanya kazi kinyume na unavyodhani. Kwenye gari dogo, mafuta yakivuja breki hupotea. Kwenye lori, breki ya kuegesha inashikiliwa na springi nene iliyo ndani ya chemba nyuma ya magurudumu. Upepo ndio unaoibana springi hiyo ili breki ifunguke. Upepo ukiisha, springi inajiachia na magurudumu yanakaba. Kwa hiyo lori lisilo na upepo halitembei, na hilo ni jambo jema. Balaa huanza pale dereva mwenye haraka anapoondoka upepo haujajaa, king'ora cha dashibodi kinalia, naye anasema "utajaa njiani". Springi zimefunguka nusu, laini (vile vipande vya breki vinavyosugua) zinasugua dramu ya gurudumu mwendo mzima, na kabla hajafika mbali magurudumu yananuka. Kuna na wale wanaoingiza boliti nyuma ya chemba kuibana springi kwa nguvu ili lori bovu litembee. Lori hilo halina breki ya kuegesha tena. Likiwa kwenye mteremko, linaondoka bila dereva.

Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine, weka mawe au vizuizi kwenye magurudumu na ufanye jaribio hili. Washa injini uache upepo ujae hadi usikie pumzi ya "psss", dalili kwamba kompresa, yaani pampu ya upepo, imefikia kikomo. Malori mengi huwa yanakaribia au kupita bari 8 hapo (bari ni kipimo cha nguvu ya upepo kwenye geji). Zima injini. Fungua breki ya kuegesha, usiguse kitu, tazama geji kwa dakika moja. Kisha kanyaga breki uishikilie dakika nyingine, mwenzako akizunguka lori akisikiliza. Mshale ukishuka kwa kuonekana wazi, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye viungo vya paipu au kwenye diafragmu, ile ngozi ya mpira ndani ya chemba. Mwisho, washa swichi bila kuwasha injini, ukanyage na kuachia, ukanyage na kuachia. King'ora kinapaswa kulia kati ya bari 4 na 5. Ukiendelea, ukifika karibu bari 2 hadi 3 breki ya kuegesha inaanza kushika yenyewe. Kama king'ora hakikulia, hilo ni lori la gereji, si la barabara.

Chini ya tangi la upepo kuna kipete kidogo au kamba. Kivute kila siku. Maji kidogo ni kawaida, maana hewa ina unyevu. Ukiona maziwamaziwa yenye mafuta, kompresa inapitisha oili na mwambie fundi. Magurudumu unayakagua kwa macho na kwa mkono: nati iliyolegea huacha mchirizi wa kutu kwenye rimu kama chozi. Kati ya matairi pacha ya nyuma angalia jiwe, hasa nyinyi mnaotoka machimbo, kwa sababu jiwe lililobanwa hapo hupasua tairi mbili kwa mpigo au hufyatuka na kumpata wa nyuma.

Mteremko. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hukaa kwenye dramu. Dramu ikipata moto hutanuka ikaziacha laini, na laini zenyewe zikiungua hupoteza mshiko. Dereva anakanyaga zaidi, mkono wa breki unafika mwisho wa safari yake, na mguu unahisi breki ipo ilhali lori haliitikii. Ukifika hapo hakuna ufundi utakaokuokoa. Ufundi ulitakiwa kutumika juu ya kilima.

Chagua gia kabla hujaanza kushuka, si katikati. Kanuni ya zamani ni kushuka na gia ileile ambayo ungepandia mlima huo; kwa malori ya kisasa mara nyingi inabidi iwe chini ya hiyo. Washa breki ya egzosti, inayoziba moshi ili injini ivute lori nyuma, au ritada (kifaa kingine cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) kama lori linayo, na kumbuka egzosti inashika vizuri injini ikiwa inazunguka juu. Ukishuka na gia kubwa injini ikiwa inasinzia, egzosti ni kelele tu. Halafu amua mwendo wako, tuseme kilomita 40 kwa saa. Ukifika 40, kanyaga breki kwa uzito hadi 30 au karibu, achia kabisa, acha dramu zipumue, subiri ufike 40 tena. Kuigusa breki kidogokidogo bila kuiachia kunaonekana kama uangalifu, lakini ndiko kunakochoma.

Na kuweka fri, yaani kushuka bila gia. Wanaofanya hivyo wanasema wanaokoa dizeli. Ukitoa gia, injini haikushiki tena, kompresa inazunguka polepole wakati ambapo kila ukanyagaji wa breki unakula upepo, na mwendo ukishapanda huwezi kurudisha gia, kwa sababu mwendo wa gurudumu na wa injini haulingani. Umejivua vitu vitatu kwa mkono mmoja. Kipande cha Salgaa hadi Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kilipata jina baya kwa tabia hiyo. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori moja lenye kontena lilipoteza mwelekeo likaingia stejini kwenye wachuuzi na magari, na watu zaidi ya 50 walikufa. Kila ajali ina uchunguzi wake, lakini picha ya lori lisiloweza kusimama penye watu ni hiyo.

Wewe wa Nairobi una shule yako karibu. Kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, na kule chini kuna kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Mwambie mwalimu akupeleke huko lori likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Utahisi tofauti mgongoni kabla ya kuiona kwenye geji. Usitegemee gavana ya mwendo. Kifaa hicho hukata mafuta ya injini ili usizidi 80, ambao ndio mwendo wa juu wa malori na magari ya abiria. Hakina breki. Kwenye mteremko uzito ndio unaosukuma, na gavana hubaki mtazamaji.

Uzito wenyewe jifunze kuuhesabu, usimwachie mpakiaji. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi pacha, 18 kwenye ekseli mbili zilizofuatana na 24 kwenye tatu. Tipa lenu la magurudumu 10 basi ni 8 na 18, jumla tani 26. Likiwa tupu lina uzito wa kama tani 11, linabakiwa na 15 za mzigo. Mchanga mkavu ni kama tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mita 9 zinatosha. Mchanga uliolowa unakaribia tani 2, na mita hizohizo 9 zimekuwa tani 18. Bodi inaonekana ileile, mvua imekupitisha kikomo kwa tani tatu. Mizani ya Mlolongo haijali kwamba jana ulipita. Angalia pia mzigo umekaa wapi: ukirundikwa mbele, jumla inaweza kuwa sawa na ekseli ya usukani ikazidi peke yake.

CE, yaani trela, ni somo la baadaye, nitapita juujuu. Kuunganisha ndiko kunakoua watu uwanjani. Rudi ukiwa umenyooka, simama kabla ya kugusa, shuka ulinganishe kimo. Trela liwe chini kidogo kuliko sahani ya kichwa, yaani ya lori linalovuta, ili sahani iliinue. Likiwa juu, pini ya trela itapita juu ya taya la sahani na kuja kugonga kabini. Ukishaingia, vuta mbele taratibu kwa gia ya chini breki za trela zikiwa zimeshika, kisha shuka na tochi uone kwa macho kwamba taya limeikumbatia pini na hakuna mwanga kati ya sahani na trela. Mlio wa "kata!" si ushahidi. Paipu nyekundu ndiyo inayojaza tangi la trela, ya njano inapeleka amri ya mguu wako. Ukizibadilisha, tangi halijai na breki za trela hazifunguki. Miguu ya trela inue mwisho. Kwa kurudi nyuma, shika usukani chini kabisa, mahali namba 6 inapokaa kwenye uso wa saa. Unakopeleka mkono ndiko mkia wa trela unakoenda. Na rudi ukipinda upande wa kulia, unakokaa wewe, kila unapoweza kuchagua. Kushoto huoni kitu.

Basi sasa. Sikukuambia lisubiri kwa sababu ni gumu zaidi kwa mikono. Breki ni zilezile, na mara nyingi chasi ni ileile ya lori iliyojengewa bodi hapa nchini. Mzigo ndio tofauti: mchanga hausimami kabla ya steji. Mama anayeshuka anainuka mita mia kabla, ana mtoto na mfuko, na ukikanyaga breki kama ulivyozoea kwenye tipa, ataangukia kiti cha mbele. Anza breki mapema, kisha punguza mguu kidogo sekunde ya mwisho ili basi lilale badala ya kugonga.

Kuna mikia pia. Kwenye basi kubwa umekaa mbele ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo unaingia ndani ya makutano kuliko unavyozoea kabla ya kukata usukani, la sivyo gurudumu la nyuma litapanda ukingo. Na nyuma ya ekseli ya mwisho kuna mita kadhaa za bodi zinazoning'inia. Ukitoka stejini Jogoo Road ukakata kulia kwa nguvu, mkia unayumba kushoto, juu ya kinjia, mahali watu waliokosa basi wamesimama. Sogea kwanza ukiwa umenyooka, kisha kata kidogokidogo ukitazama kioo cha kushoto. Utaona madereva wa mjini wakifanya kinyume kila siku. Usijifunze kwao.

Kwa abiria utahitaji pia beji ya PSV (magari ya abiria), uchunguzi wa daktari, na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Cheti kinaombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, halafu unapeleka alama za vidole Huduma Centre. Kifanye mapema, kwa sababu waajiri wa malori nao wanakitaka. Kanuni za PSV za mwaka 2014 zinamzuia dereva kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ukiajiriwa na sako (ushirika wa wenye magari ya abiria) inayokutaka uende Kisumu na kurudi bila dereva wa pili, kanuni hiyo ndiyo ya kuwaonyesha.

Ukitamani kazi ya serikali au ya mashirika, leseni haitoshi. Matangazo yao mara kwa mara hutaka cheti cha huduma ya kwanza kutoka St John Ambulance au Msalaba Mwekundu, jaribio la ufaafu wa madereva, na kozi za KIHBT, chuo cha barabara na ujenzi, au za AA ya Kenya, chama cha wenye magari. Huduma ya kwanza ni ya siku chache na bei nafuu kuliko zote, ifanye hata kabla ya C1. Na kama ndoto yako ni barabara ya Malaba, ya kuvuka mpaka kwenda Uganda, andaa pasipoti na cheti cha homa ya manjano, na ujue kwamba Uganda wanaendesha kushoto kama sisi, Rwanda na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Usukani wako ukiwa upande wa kulia huko, huwezi kuchungulia ili kupita gari lililo mbele bila kutoa kabini nzima kwenye njia ya wanaokuja. Huko unakaa nyuma, unasubiri.

Kwa sasa, ukiwa bado tanboi, mwombe dereva wako akuachie lile jaribio la upepo kila asubuhi. Uwe na daftari: tarehe, bari ngapi baada ya dakika moja, king'ora kililia wapi. Baada ya mwezi utajua lori lenu linavuja wapi kabla ya fundi. Usukani wa barabarani usiuguse kabla ya PDL, hata dereva akikuambia ni hapa tu hadi machimboni.